Tangi Likijaa, Joto Linapotea

Mwenzenu nilikuwa na kioo sebuleni ambacho kazi yake ilikuwa kunionyesha vistari. Mahali pa joto la nje, vistari. Mahali pa unyevu, vistari. Mahali pa mvua, vistari. Kimenunuliwa kwa pesa ya mtu, kimepanda ndege, kimepita forodha, kimefika Mbezi Beach, kimewekwa juu ya kabati la vyombo vya wageni, ili mimi niangalie vistari. Joto la ndani tu ndilo lilikuwa linasoma. Na joto la ndani ninalijua jamani, ninaishi humo, linanitoka kwapani.

Kisa chote ni shemeji. Shemeji yangu yuko Ujerumani. Sasa shemeji wa Ulaya ana tabia moja: anakuuliza unataka nini, halafu anakuletea kingine. Mimi nilitaja simu. Niliitaja vizuri kabisa, na rangi. Yeye akaja na boksi, kulifungua, kituo cha hali ya hewa. Cha nyumbani. Eti, "Shem, sasa utakuwa unajua mvua inakuja lini." Nikasema asante sana shem, umefanya la maana. Moyoni nikasema mvua ya Mbezi Beach huwa tunaijua ikishaingia sebuleni, hiyo simu ingekuwaje?

Mle ndani mna vitu vitatu. Kidude cheupe cha nje, kinaenea kiganjani, kinapima joto na unyevu. Kikombe cha mvua, ndani kina kijiko cha kubembea: maji yakifika kiasi, kijiko kinapinduka, kinamwaga, kinahesabu moja. Na hicho kioo cha ndani. Vya nje vinapima na kurusha kwa mawimbi, cha ndani kinadaka. Hakuna waya. Shemeji alilitamka hilo la waya kwa sauti ya kusifia.

Boksi limeandikwa mita 100. Kijerumani sijui, ila 100 niliiona. Chini yake kuna herufi za kisisimizi, na shemeji alizitafsiri siku nyingine kabisa, wakati mimi nimeshaumbuka: mahali pa wazi. Haya, nionyesheni Mbezi Beach mahali pa wazi ni wapi. Huku Barabara ya Bagamoyo, kule bahari, katikati tumejaza maukuta. Kila mtu ukuta wake unaishinda nyumba urefu. Juu ya ukuta chupa, juu ya chupa waya, kwenye waya umeme.

Na nyumba yangu mimi ilijengwa na fundi mwoga. "Bosi, hapa mchanga mtupu, tupige nondo." Tukapiga nondo. Nondo kwenye msingi, nondo kwenye nguzo, nondo kwenye lenta. Madirishani nondo tena, hizo za vibaka. Juu mabati. Kumbe mawimbi na chuma hawaelewani kabisa. Hata simu, nikiwa chumbani hainipati. Wanaonidai wameshalijua hilo, wananivizia nikitoka kibarazani.

Kidude nilikifunga mwenyewe. Wapi? Nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro kati ya tangi la maji na ukuta. Kwa nini? Vibaka. Kitu cha Ujerumani ukikiweka peupe, jioni utakikuta kinauzwa Kariakoo. Kikombe cha mvua nikakiweka hapo hapo, kisiwe mpweke. Nikarudi ndani. Namba zikaja. Nyuzi 29. Nikaita watu. Walipofika, vistari.

Nikaanza na betri, si ndiyo kila mtu anaanzia hapo? Nikazitoa, nikazing'ata kidogo, nikazianika juani. Rimoti ya TV huwa inapona hivyo. Kidude hakikupona. Nikaenda dukani kwa Mangi kununua mpya. Mangi akanipa pakiti ya bei chee, nyepesi mkononi, utadhani ndani wameweka salamu. Zikafanya kazi mpaka magharibi. Nikahamia betri za kuchaji nilizozitoa kwenye gari la mtoto, mtoto akalia, kidude kikafanya kazi kidogo, kikanyamaza na chenyewe. Baadaye dogo mmoja fundi alinieleza, nitamfikia huyo dogo, kwamba betri ya kuchaji ni volti 1.2 na ile ya kawaida ni 1.5. Na hizi za bei chee zinaanza vizuri, kisha volti inateremka. Kidude hakifi. Kinaendelea kupima. Ila kikirusha, kinarusha kigonjwa, sauti haivuki ukuta. Sasa mimi ningejuaje? Betri si betri?

Halafu kuna adabu zake. Ukitoa betri za kidude cha nje, kikiamka kinajipa namba mpya ya utambulisho. Cha ndani kinamngoja yule wa zamani. Mgeni anapiga hodi, mwenyeji anasema simfahamu. Inabidi ukiamrishe cha ndani kitafute upya, kinatafuta dakika chache, kikikosa kinalala ili kisimalize betri zake. Na wakati kinatafuta viwe karibu, mita moja au mbili, visibanane, na wewe uondoe mikono kwenye vitufe.

Mimi na vitufe sasa. Kitufe kikiwepo mimi nabonyeza. Nikabonyeza kimoja, kengele ikalia. Nikabonyeza kingine, kioo kikahamia Farenhaiti. Joto la sebuleni 88. Mama watoto alipopita akasoma, akaniuliza kama kuna kitu kinaungua au nimeshaita zimamoto.

Yote hayo ningeyameza kama si Mei 2024. Mnakumbuka kimbunga Hidaya? Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa juu ya taarifa, redio zinatangaza, watu wa pwani tumekodoa macho. Sisi hatujazoea. Vimbunga vya Bahari ya Hindi vina njia zao, vinakwenda Madagaska, vinakwenda Msumbiji, huku kwetu wanaosoma vitabu wanakutajia kile cha Zanzibar cha Aprili 1872, kilichofyeka mikarafuu na minazi, halafu wanaruka mpaka cha Lindi cha Aprili 1952. Basi. Sasa hiki kinakuja kweli, na mtaa mzima mwenye kituo ni nani? Mimi. Na nilikuwa nimeshatangaza kwa Mangi tangu Machi. Nilitangaza vibaya. Nilisema ikitokea lolote mniulize mimi.

Wakaniuliza. Nimekwenda kununua mkate, wako pale wamejikusanya chini ya turubai la Mangi. Mzee mmoja, mtu wa heshima, akaniita: "Mwanangu, hiyo mashine yako inasemaje?"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inasemaje?"

Nikanunua vocha ambayo sikuwa na kazi nayo, nikaondoka. Mkate nikausahau.

Tarehe 4 Mei kimbunga kikatua Mafia, kikapungua nguvu, sisi Dar tukapata mvua yetu na upepo wetu. Kama kuna siku hali ya hewa ilikuwepo nchini, ni siku ile. Kila mtu aliiona. Aliyekuwa hana taarifa ni kile kioo peke yake. Nje mwembe unalala na kuinuka, ndani vistari. Mama watoto anaweka ndoo pale kwenye bati linalovuja, anaitazama ndoo, ananitazama mimi. Hakusema kitu. Angesema ingekuwa nafuu.

Ngoja niwape na hii ya Julai, maana inanikera mpaka leo. Usiku sina usingizi, nikaenda kubonyeza kile kitufe cha kutafuta. Vistari vikafutika! Namba zikaja! Nyuzi 34. Saa nane usiku. Julai mnaijua, kusi inavuma, Dar usiku inashuka mpaka karibu na 20, hata wanaolala na feni mwaka mzima wanatafuta shuka. Mimi kioo kinasema 34. Nikabishane na Mjerumani? Nikatupa shuka. Nikafungua madirisha. Nikawasha feni. Nikaanza kutetemeka, ila nilitetemeka kwa imani.

Nikaingia kwenye grupu la mtaa la WhatsApp. Nikaandika: "Ndugu wakazi, joto limefika nyuzi 34 saa hizi za usiku. Wenye watoto na wazee tuwape maji ya kutosha." Nikaweka na alama ya jua. Asubuhi nikatoka, watu wote wamevaa masweta. Mjumbe akajibu kwenye grupu, mbele ya kaya zote: "Jirani, wewe uko mkoa gani?"

Sikukata tamaa. Joto likawa linashuka. Wiki iliyofuata 31. Inayofuata 28. Nyuzi tatu kila wiki, bila kuyumba, usiku na mchana. Nikatangaza tena kwamba hali inatengemaa, tumshukuru Mungu. Mafua yangu hayakuwa yametengemaa, lakini takwimu ni takwimu.

Sasa upande wa kushoto kuna mama mmoja anafuga kuku wa kisasa. Siku hiyo yuko kwa Mangi anasimulia mwanawe alivyomletea kidude cha kupimia joto la vifaranga. Cheupe, anasema. Kinaenea kiganjani, anasema. Vifaranga wa broila wiki ya kwanza wanataka kama 33, 34, halafu unawapunguzia nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka wazoee. Nikaacha kutafuna andazi. Mwezi mzima mimi nasoma hali ya hewa ya banda la kuku. Kampuni ile ile, masafa yale yale, kioo changu kilipoambiwa kitafute kikamshika wa kwanza aliyeitika. Nikaenda mbio kuandika kwenye grupu? Thubutu. Broila walipofika wiki zao wakauzwa, banda likafungwa, kidude kikatolewa betri. Na mimi nikarudishiwa vistari vyangu. Kuku mmoja tulimnunua. Nilimla bila kumwangalia.

Hapo ndipo nikamwita yule dogo. Ana kibanda cha simu pale Tangi Bovu, anabadilisha vioo, anaflashi, anauza kava. Nikasema anayeweza simu, kidude cha sabuni mbili hiki kitamshinda? Akaja na bodaboda, bodaboda nikalipa mimi. "Shikamoo mzee." Mimi sijafika huko, lakini nikaitika, mtu ukiwa na shida unaitika chochote.

Akageuza kidude, akasoma mgongoni. "Mzee, hii ni megahezi 433. Humu kuna fujo." Humo humo wamo na rimoti za mageti, alamu za magari, kengele za mlangoni zisizo na waya. Na Mbezi Beach kila geti siku hizi linafunguka lenyewe. Kidude changu kinanong'ona kila baada ya sekunde kadhaa, kinasema nyuzi 29, nyuzi 29, na hapo jirani kakalia rimoti kwenye siti ya gari imebanwa imekwama, inapiga kelele mtaa mzima. Nani atasikilizwa? Halafu akaanza kunihesabia mengine. Taa za bei chee zinavuruga mawimbi. Chaja feki zinavuruga mawimbi. Fensi ya umeme ikiwa na waya uliolegea inatoa cheche, inavuruga. Kila anachokitaja ninacho.

"Umeme ukikatika inakuwaje?" akauliza.

Nikaruka. Hilo nilikuwa nimeliona! Umeme ukikatika sana, yaani ule wa kukaa mpaka kesho yake, kioo kinapona. Namba zinakuja safi. Ukirudi, zinakufa. Dogo akapiga makofi: kelele za ndani ya nyumba hizo mzee, tuzime kila kitu. Tukazima swichi kubwa. Mama watoto alikuwa anapiga pasi sare za shule, akatokea mlangoni na pasi mkononi, nikamwambia tunafanya utafiti. Tukakaa kimya wote tunakitazama kioo. Vistari. Tukangoja. Vistari. Friji inaanza kutoa maji. Vistari.

Dogo kimya. Tukawasha. Na tulipowasha tu, pampu ya kisima nayo ikaanza kuvuma. Dogo akageuza shingo. "Hiyo pampu inajaza wapi?"

"Kwenye tangi."

"Tangi liko wapi?"

"Nyuma."

"Na kidude umekifunga wapi, mzee?"

Jamani. Yule mtoto alikaa chini. Alikaa kwenye sakafu, akacheka mpaka akashika tumbo, na malipo yake nimeshampa.

Lita 5,000 za maji. Mimi nimechukua kidude kinachonong'ona, nikakificha nyuma ya lita 5,000 za maji, halafu naulizia kwa nini hakisikiki. Na siyo maji tu. Kisima cha Mbezi Beach mnakijua, sisi tuko karibu na bahari, chai ya kwetu unaikoroga na sukari nyingi kuua chumvi. Chumvi ndiyo mbaya zaidi, anasema dogo, maji ya chumvi yanapitisha umeme, mawimbi ya redio yakiingia humo yanamezwa. Ndiyo maana nyambizi ikizama baharini haiwezi kudaka redio ya kawaida. Nikamwambia dogo, mimi sina nyambizi. Akasema unayo, mzee, iko nyuma ya jiko.

Kwa hiyo hesabu yote ilikuwa hii: umeme ukikatika, pampu haivuti. Pampu isipovuta, tunachota tu, tangi linashuka. Tangi likishuka chini ya kidude, mawimbi yanapita juu, namba zinakuja. Umeme ukirudi, tangi likajaa, kwaheri. Siku nina hali ya hewa sina maji ya kuoga. Siku nina maji ya kuoga sina hali ya hewa. Nimekaa jirani na Tangi Bovu miaka yote hii, tangi zima ndilo limeniponza.

Na ile mvua ya milimita 60 nayo ikapata maelezo. Sikuwaambia? Kuna siku kioo kilikuja na milimita 60 za mvua, jua linachoma, nguo zimekauka kambani. Mamlaka wao mvua ikizidi milimita 50 kwa saa 24 wanaiita kubwa. Mimi nilikuwa nayo kubwa uchochoroni, peke yangu. Kumbe tangi likijaa linafurika, linamwagikia kwenye kikombe, kijiko kinapinduka kinahesabu, kinahesabu. Taarifa inafika ndani siku tangi limeshuka.

Dogo akataka tuhakikishe. Akafungulia bomba la bustani. Maji yakaenda, bustani ikalowa, uchochoro ukalowa, yakatoka mpaka barabarani, sisi tumekodolea kioo. Mara, nyuzi 30! Tukapeana mikono. Tulipogeuka mama watoto amesimama na ndoo tupu, nyuma yake watoto wawili wana sabuni kichwani. Dogo akasema bodaboda yake inamsubiri. Haikuwa inamsubiri. Alitembea.

Tukakaa kikao cha familia. Hoja ilikuwa maji au hali ya hewa. Hakukuwa na kura.

Nikakihamishia kidude mbele, chini ya mwembe. Shemeji naye akapiga simu, akasema kisikae karibu na ukuta, kiwe kivulini, penye hewa, juu ya majani, kati ya mita moja na robo na mbili kutoka ardhini, ndivyo wenye vituo vyao wanavyofanya. Nikafanya vyote. Kikombe nacho nikakiweka wazi, mbali na mti, sisimizi wakahamia siku hiyo hiyo. Nikaingia sebuleni. Vistari. Si nondo tena hizo? Mabati je?

Nikakibeba kioo mkononi, nikazunguka nacho nyumba nzima kutafuta kinapodaka. Jikoni hapana. Chumbani hapana. Chooni kilidaka kidogo, dirisha likiwa wazi na mimi nimesimama juu ya ndoo. Kibarazani kinakuja kinaondoka. Nikazidi kutoka, nikazidi kutoka, mpaka getini. Kibanda cha mlinzi. Mbao tupu, hakuna nondo, hakuna lenta, paa la makuti. Kioo kikawaka chote. Joto, unyevu, mvua, mpaka kale kamchoro ka wingu nilikuwa sijawahi kukaona.

Basi kioo kiko kwa mlinzi. Amekipigilia ukutani juu ya redio yake, anakifuta vumbi kila asubuhi. Majirani sasa wanapita kwake wakienda kazini. Hawamwiti tena mlinzi, wanamwita Mamlaka. "Mamlaka, nianike?" "Anika mama, unyevu uko sawa." Yule mzee wa kwa Mangi anatembea kutoka kwake mpaka getini kwangu, anamsalimia yeye, anarudi. Mimi nikitaka kujua joto nampigia simu kutoka kitandani, yaani natoka kibarazani kwanza ndiyo nampigia, na mara nyingi namkuta anaongea. Anaongea na mama wa vifaranga, ameleta wengine, anataka kujua usiku kutakuwaje ili aongeze taa. Mama wa vifaranga humletea paja. Mimi humletea mshahara, na mwisho wa mwezi uliopita aliupokea, akauhesabu, akaniuliza kwa adabu kabisa utapanda lini, kwa sababu bosi, kazi sasa zimekuwa mbili.